Mkono Wangu Mwepesi wa Kuchanja Ndui

Heri niseme mwenyewe kabla akina mama wa Kariakoo hawajawasimulia. Hii ni wiki ya tatu nachanja watoto ndui pale zahanati, na nilijiona fundi. Watoto waliochanjwa na mwenzangu Eliya walirudi na malengelenge mkononi, wakilia. Wangu walirudi na ngozi laini. Habari ikaenea, mstari wangu ukafika barabarani, wa Eliya ukabaki na watu watatu.

Nikamtania, "Bwana Eliya, unachanja au unalima?"

Naye akanijibu: "Angalau shamba langu linaota." Nikadhani ni wivu.

Leo Bwana Mganga, daktari msimamizi wetu, amekuja kukagua. Mama Zuhura akaninadi mbele yake: "Huyu kijana ana mkono mwepesi! Mwanangu hakutoka hata kipele."

Bwana Mganga akautazama mkono wa mtoto. "Chanjo ikishika hutoa lengelenge. Hii haikushika, na mtaa wa pili, Gerezani, kuna ndui. Hebu chanja nikuone."

Nikapaka spiriti kwa madaha, nikachanja papo hapo.

"Husubiri ikauke?"

Nilifundishwa kusubiri, sitamsingizia mtu. Haraka ilikuwa yangu.

"Spiriti mbichi inaua dawa," alisema, kisha akawageukia akina mama. "Wote waliochanjwa na huyu warudiwe."

Mstari mzima ukahamia kwa Eliya. Mama Zuhura akamshika Zuhura mkono, akanipiga kikumbo.

"Mkono mwepesi, hebu tupishe."