Namba ya Kuteguka

Wifi yangu tunamwita Mama Namba, na mwenyewe jina analipenda. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Miaka kumi na tisa anakaa chumba cha mafaili hospitalini, ukuta mmoja na chumba cha eksirei, kazi yake kugeuza maneno ya madaktari kuwa namba. Daktari akiandika kidole cha shahada kimevunjika, yeye anatafuta namba ya kidole hicho, cha mkono huo, anaiingiza kwenye kompyuta. Watu wa bima hawasomi maneno, wanasoma namba. Harusini, msibani, hakosi kutukumbusha kwamba hawajawahi kumrudishia faili hata moja. Haya, hongera.

Mwaka jana mume wangu, fundi wa kupiga plasta, aliteleza jukwaani akaangukia kiganja cha kulia. Akapigwa picha, hakikuonekana kitu. Lakini mpiga picha alitufuata mpaka koridoni.

"Mama," akaniambia, "chini ya kidole gumba kuna kifupa kina tabia ya kujificha. Kikivunjika, ufa hauonekani siku za kwanza. Baada ya siku kumi arudi apigwe tena."

Daktari naye, foleni imemfika mlangoni, akaandika neno moja tu: kuteguka.

Siku kumi zikapita, mkono bado umevimba. Tukarudi, bima wakakataa. Namba iliyoingizwa ni ya kuteguka, na kuteguka ni picha moja, basi. Nikaenda mbio chumba cha mafaili.

"Wifi, badilisha hiyo namba."

"Siwezi. Mimi naingiza kilichoandikwa."

"Lakini hicho kifupa unakijua!"

"Nakijua. Daktari hakukiandika."

Mezani pake palikuwa na vile vikaratasi vya njano anavyobandika kwenye faili kumrudishia daktari aangalie upya. Nikamwonyesha. Akavifunika kwa daftari. Jamani! Nilitoka pale nikaubamiza mlango.

Mume wangu aliposikia akaniambia niache ugomvi. "Dada ndiye anayejua. Akisema umeteguka, umeteguka." Akaufunga mkono bandeji, akarudi kazini. Miezi saba alipiga plasta huku anasaga meno, mpaka asubuhi moja mwiko ukamdondoka mara tatu, msimamizi akamrudisha nyumbani. Daktari mwingine akaagiza picha. Kifupa kilivunjika tangu siku ile ile aliyoanguka. Hakikuunga, na kipande kimoja kimeshakufa. Watampasua kupunguza maumivu, lakini plasta asahau.

Jumapili Mama Namba akaja. Akakaa ukingoni mwa kiti, chai hakuigusa. Mimi maneno yangu nilikuwa nimeshayapanga: mvivu wewe, mwoga wa madaktari, kiburi cha mafaili kimekujaa. Akaniwahi.

"Kikaratasi nilikiandika," akamwambia mdogo wake. "Nikakichana. Jina la baba ni moja, ofisi nzima wangesema nampendelea ndugu yangu." Akajifuta macho. "Ungekuwa mtu baki, lile faili ningelirudisha siku ile ile."

Mume wangu alikuwa anahangaika na kifungo cha shati. Kikamshinda, akauacha mkono ukaangukia mapajani.

"Dada," akasema, "si ungenifanya mtu baki tu."