Tangu mama aje, mikono ya mdogo wangu haitetemeki tena

Admin, naomba unifichie jina, maana watu wa Tanga tulioko huku Texas tunajuana wote. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeachika, naishi Irving na kazi yangu ni kutunza wazee. Nakaa na mdogo wangu wa kiume, nitamwita Salim, pamoja na mama yetu aliyekuja kututembelea. Kabla hamjanihukumu, jueni mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni, hata chungu nikishakifunika narudi kukifunua.

Mwaka jana Salim aliugua akili. Ilianza kwa kufunika kioo cha bafuni kwa taulo, akisema kuna watu wanamwangalia kutokea ndani. Mimi nikacheka, nikidhani ni utani wake. Haukupita muda akalipondaponda gari la jirani kwa nyundo, eti lina kamera za kumfuatilia, akakamatwa. Wakili akatuombea kesi ihamishiwe mahakama maalumu ya wagonjwa wa akili. Huko, badala ya jela, anatakiwa ameze dawa, aonane na mshauri na afike mbele ya jaji mara kwa mara. Akimaliza salama kesi inafutwa. Akikiuka anarudishwa kwenye kesi ya kawaida, na sisi wa green card tunajua jela inaweza kuishia kwenye ndege ya kurudishwa nyumbani.

Hiyo mahakama yenyewe niliishuku siku ya kwanza. Jaji anamuuliza mshtakiwa analalaje, anakula vizuri, na akisifiwa ukumbi mzima unapiga makofi, jaji naye akiwamo. Nikajisemea hapa kuna mtego, serikali gani inampigia makofi mtuhumiwa? Lakini Salim alitulia kweli. Alikuwa akilala mno, akanenepa, mikono ikawa inamtetemeka hadi anamwaga chai, ila habari za watu wa kwenye kioo zikaisha. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuhakikisha anameza vidonge, na jaji huniuliza mimi mbele ya wote.

Mama alipokuja, Salim akabadilika. Akawa anaamka mapema, anatania, mikono imetulia. Msikitini watu wananipongeza, na mahakamani alipigiwa makofi kuliko siku zote. Mimi peke yangu roho ilikataa kutulia. Kama dawa ndiyo iliyokuwa ikimtetemesha, na anaimeza mbele yangu, mbona kutetemeka kumekwisha? Nikaanza kumchunguza. Kila akishameza anaingia chumbani kwa mama na mlango unafungwa. Juzi mama akiwa anaoga nilifungua kikopo chake cha udi. Chini ya udi nilikuta vidonge vya Salim, vingi, vimelowa mate vikakauka.

Mama hakukataa. Alisema anamnywesha kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kisha zikaoshwa kwa maji, na kwamba alikuja nalo kutoka kwa shehe wa nyumbani. Kombe na mimi nimelelewa nalo, silikatai hata kidogo. Nilimuuliza tu kwa nini asinywe kombe na vidonge avimeze. Akaniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuiona.

"Mwanangu nilimwacha anacheka, nikaja kumkuta maiti inayomwaga chai. Ukimsema kwa hao wazungu wako, usiniite mama tena."

Baadaye Salim akanifuata jikoni, akanishika mkono.

"Dada, sasa hivi ndo na-feel ni mimi. Uki-tell the judge, nimekwisha. Please, dada."

Kwa kweli alikuwa ni Salim wangu yule wa zamani, na niliumia sana kumwona ananiomba vile. Nikaanza hata kujishuku mwenyewe, kwamba labda nina wivu kwa sababu mama amefika na kufanikiwa pale niliposhindwa mimi.

Leo asubuhi nimeingia bafuni nikakuta taulo limefunika kioo. Sijauliza chochote, mama akawahi kusema ni lake, ameliweka hapo likauke. Salim alikuwa mezani anakunywa chai, hamwagi hata tone, na hakuinua macho kunitazama. Nililishika lile taulo. Lilikuwa kavu, na si la mama.

Kesho tunakwenda mahakamani. Nikisema kweli wanaweza kumfunga, na mama yangu nimempoteza. Nikinyamaza, naogopa safari hii nyundo haitaishia kwenye gari. Ukumbi utakuwa umekaa tayari kupiga makofi, na jaji atanigeukia mimi kama kawaida yake aniulize kama mdogo wangu anameza dawa. Ndugu zangu, mwenye ushauri anipe leo hii, nimjibu nini?