Mkate Motoni

Asubuhi ile aliniambia, "Mzee, toka mlangoni, unanizibia mwanga." Nikasogea. Alikuwa ameinama mbele ya tanuri, jasho linamtiririka. Akatoa mikate, akaibonyeza kwa kidole, akanipa uliopinda. Iliyonyooka ni ya wateja, uliopinda ni wa mume. Nimekula mikate iliyopinda tangu nimwoe. Nikanywa chai, nikaenda kuziba tundu kwenye banda la kuku. Mchana akasema amechoka, akajinyoosha kidogo. Hakuamka.

Watu walimwita Mama Mikate. Alioka nyuma ya nyumba, kwenye tanuri la matofali nililomjengea mimi. Linavuja moshi upande wa kushoto, naye hakuchoka kunikumbusha. Ugomvi wake na watu ulikuwa mmoja tu: usisimame mlangoni. Ingia au toka.

Kanisani alikaa benchi la mwisho kwa ajili ya tanuri hilo. Mahubiri yakinoga, yeye huyo, anainuka. Mchungaji wetu alishazoea. Hukatiza neno, "Mama Mikate, niwekee mmoja." Naye hujibu huku anatoka, "Ukifupisha, utaukuta wa moto." Kanisa zima hucheka, na mchungaji huwashinda wote.

Kisha, yeye angali hai, akaja mtu aliyejiita Nabii, akakodi ghala la mbao mtaa wa pili. Kitinda mimba wetu akaenda siku moja kusikiliza. Akaenda tena. Akaacha kucheka. Siku moja mumewe, fundi baiskeli, akaja kwetu akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Baba, mke wangu anasema nina giza. Wiki ijayo anahamia kambini kwa Nabii, yeye na mtoto. Akishaingia, ndugu haruhusiwi kumwona."

Nikasema tumfungie chumbani mpaka akili zimrudie. Mke wangu akanitazama kama unga uliokataa kuumuka.

"Wewe nyamaza. Jumapili nitakwenda naye kusali."

"Kusali kwa yule?"

"Nikaone. Huenda ni watu wema, wana kelele tu."

Jumapili akasukuma mikate tanurini, akafunga kitambaa kichwani. "Usiguse kitu," akaniambia. "Hata ukiona moshi." Wakaondoka, yeye na binti yake.

Ya huko nilisimuliwa na binti. Mama yake alikaa nyuma, kama kawaida. Waimbaji walikuwa wazuri, akapiga makofi. Nabii alihubiri vizuri, akaitikia amina. Saa ya mkate ilipofika, akainuka. Mlango ulikuwa na komeo, na mbele ya komeo bawabu mpana kama kabati.

"Rudi ukae, mama. Hatoki mtu mpaka Nabii aruhusu."

"Nina mkate motoni, mwanangu."

Nabii akasikia kutoka kule mbele. "Uache uungue, mama. Yesu ndiye mkate."

"Ndiye, baba. Lakini yeye aliwalisha watu, kisha akawaacha waende makwao. Wewe hujanilisha, na kwenda huniachi."

Hakuna aliyecheka. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoingiwa na hofu. "Watu wote wale, mzee, na hakuna hata jino lililoonekana. Hata makaburini huwa kuna mmoja anaponyokwa na kicheko."

Binti yetu akaja mlangoni. "Mfungulieni mama yangu."

"Wewe huna mama nje ya nyumba hii," bawabu akasema.

Binti akamtazama yule mama aliyeambiwa hana. Alikuwa amesimama pale pale, unga bado uko kwenye nyusi. Binti akapitisha mkono chini ya kwapa la bawabu, akalivuta komeo mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, mikono nimekunja, nautazama moshi. Nilipowaona wanakuja nikasema, "Sijagusa." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Akaukwangua mkate mmoja kwa kisu, weusi ukatoka, akampa binti kipande. Binti hakula. Alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, machozi yanamtoka.

"Mama, na kama Nabii anasema kweli? Mbona hunikatazi?"

Nilidhani sasa atahubiri yeye. Hakuhubiri. Alisema maneno machache, binti akaingia, akakaa, akala. Jioni akarudi kwa mumewe. Siku hizi ndiye anayeoka kwenye tanuri lile linalovuja. Mikate yake yote imenyooka, na sijathubutu kumwambia kwamba natamani uliopinda. Maneno ya mama yake yalikuwa haya:

"Nikikufungia, mimi na yule bawabu tutakuwa na tofauti gani? Kula. Ukitaka kurudi kwao, njia unaijua, na ukitaka kurudi hapa, njia unaijua. Ila usisimame mlangoni, nzi wanaingia."