Sauti Niliyopimia Spika

Binti yangu hasemi.

Ana miaka kumi na tano. Koo lake zima, ulimi mzima, na masikio yanasikia vizuri kuliko yangu. Daktari kamwangalia mara mbili, akasema haoni ugonjwa. Hasemi tu. Huu ni mwezi wa saba tangu anyamaze.

Mimi ni fundi simu. Shule niliiacha njiani, kwa hiyo msitegemee maneno matamu. Nitasema kama ilivyokuwa. Nikimaliza mtanitukana, na ruksa.

Ilikuwa Jumanne.

Asubuhi nilikuwa nimeinama nafunga viatu, binti akaja akasimama mbele yangu. Tangu mdogo ana kigugumizi. Nyumbani hatukuwahi kukihesabu. Ukiishi na mtu unasikia anachosema, husikii tena anavyokisema.

"Baba, ma-mapumziko ya mchana nitakuletea chakula mimi. Nina jambo."

"Haya mama, kalete na hilo jambo lako," nikamjibu. Macho yangu yalikuwa kwenye kamba za viatu.

Mchana njaa ikanibana nikatoka kuchungulia njia. Hotipoti ilikuwa chini, pembeni ya mlango wa duka. Mfuniko umefungwa vizuri. Sisimizi walishaanza kuizunguka.

Mtoto hayupo.

Nikasema moyoni, watoto wa siku hizi, hata hodi hawana. Nikala nikashiba.

Jioni nikamwuliza, jambo gani ulitaka kuniambia? Akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu.

Mwanzoni tulidhani kanuna. Mama watoto akasema nimwache, ndio umri wenyewe. Siku ya tatu shangazi yake akapiga simu kumjulia hali. Binti akaishika simu sikioni, akasikiliza hadi mwisho, akaiweka mezani. Shangazi alibaki anasema "haloo, haloo" peke yake.

Wiki ya pili ndipo mambo ya ajabu yalipoanza.

Mke wangu alinipa simu yake, akasema haitoi sauti. Nikaifungua. Tundu la spika lilikuwa limezibwa kwa nta ya mshumaa. Imesukumwa ndani kwa ncha ya sindano, kazi safi kabisa.

Nikazibua. Kesho yake asubuhi limezibwa tena.

Halafu redio ya sebuleni, tundu moja moja, yote. Halafu simu yangu mimi, niliyokuwa nimeiweka chini ya mto.

Nikamwita binti nikamwonyesha. Sikufoka. Nikamwambia, mama, kama kuna kitu kinakusumbua sema, mimi ni baba yako. Akatikisa kichwa. Vidole vyake vilikuwa na nta kwenye kucha.

Shule akaacha kwenda. Akaanza kuacha chakula. Ilikuwa nusu sahani, ikawa robo, ikawa vijiko viwili. Mke wangu akahamishia godoro chumbani kwake, akawa analala chini, pembeni ya kitanda cha mtoto. Siku moja nikaona dawa zote zimeondoka kabatini na kisu hakipo jikoni. Hakuniambia kavipeleka wapi. Sikumwuliza kwa nini.

Kazini, wakati huohuo, mambo yalikuwa mazuri. Wacha niwaeleze kitu cha ufundi kidogo, maana ndiko tunakokwenda.

Ukibadilisha spika ya simu lazima uipime. Na fundi anayejua kazi hapimi kwa wimbo wowote. Anapimia sauti moja, hiyohiyo kila siku, sikio liizoee, ili ukisikia mkwaruzo ujue ni wa spika. Zamani nilikuwa na wimbo wangu. Miezi ile nilikuwa na kichekesho.

Nilikikuta kwenye simu ya mteja. Nikajirushia kwangu bila kumwuliza. Mafundi wengi tunafanya hivyo, tusidanganyane.

Ilikuwa sauti imekimbizwa hadi imekuwa ya katuni. Inakwenda te-te-te-te-te kama cherehani iliyokosa mafuta, chini kuna mdundo wa ngoma. Juu nyembamba, chini nzito. Kwa kupima spika hujapata kitu kama hicho.

Na watu walikipenda. Mteja anacheka, anasahau kwamba amesubiri saa mbili. Wengine walikuwa wanaomba, "Fundi, niwekee na mimi ile ya Tetete." Nikawa nakiacha ndani ya kila simu ninayoitengeneza, kama nyongeza. Ili nisikipoteze nikakipa jina kwa kidole changu: SPIKA POA 2.

Kila nikibadilisha spika, ile mbovu naitupa kwenye kopo la maziwa chini ya meza. Kopo lilikuwa linajaa.

Siku moja shule wakatuita.

Mke wangu hakutaka kumwacha binti peke yake, nikaenda mwenyewe. Ofisini nilimkuta mwalimu wa darasa, mama mmoja mtaratibu, na msichana anayekaa dawati moja na binti yangu. Msichana macho yamevimba. Mama yake kakaa nyuma yake, mikono kifuani.

Mwalimu akatoa simu aliyomnyang'anya mwanafunzi mmoja. Akasema, "Mzee, naomba usikilize hadi mwisho." Akabonyeza.

Te-te-te-te-te.

Nikatabasamu.

Nawaambia ukweli wangu. Mdomo ulikuwa umeshazoea, ukatabasamu wenyewe kabla kichwa hakijafika. Mwalimu aliniona.  Akaweka nyingine, akasema hii ndiyo ya mwanzo, kabla haijakimbizwa.

Ilikuwa sauti ya mtoto anasoma kitabu mbele ya darasa. "Te-te-te-tetemeko la a-ardhi..." Nyuma yake watu wanacheka. Anajikaza. Anarudia. Anarudia tena.

Nilimjua kwenye neno la kwanza.

Yule msichana akaanza kusema huku analia. Ni yeye aliyerekodi. Ni yeye aliyeikimbiza na kuiwekea ngoma. Aliwatumia watu sita tu. Kesho yake roho ikamsuta, akaifuta, akawapigia magoti wale sita wafute, akamwomba binti yangu msamaha. Na binti yangu alimsamehe.

"Tuliyamaliza, baba," akaniambia. "Siku tatu hakuna aliyeisema. Halafu ikarudi kutoka nje. Wanayo sokoni, wanayo zahanati, hata konda anayo. Wanafunzi wakaanza kuja nayo kwenye simu za wazazi wao. Wakawa wanampigia ile sauti chooni, wanampigia njiani. Sijui nani kairudisha."

Mama yake akadakia kwamba mmoja wa wale sita hakuifuta kwa sababu simu ilikuwa imeharibika, iko kwa fundi.

Hapo nikaikumbuka ile simu ya mteja niliyokikuta kichekesho.

Mwalimu akanisogezea ile simu aliyonyang'anya. Akasema zote walizozikamata, faili lina jina lilelile, kwa hiyo lazima linatoka kwa mtu mmoja. Nikasoma. SPIKA POA 2.

"Wewe mzee ni fundi wa vitu hivi," akasema. "Unaweza kutusaidia tumjue anayeisambaza?"

Nikasema nitajaribu.

Hilo ndilo jibu nililotoa. Nikaaga, nikatoka, nikashika ukuta wa shule hadi getini.

Nyumbani nilimkuta binti kakaa kitandani, mama yake anamsuka. Nikamwambia mke wangu abaki, asikie. Nikasema yote. Simu ya mteja, kupima spika, jina la faili. Mikono ya mke wangu ilisimama kichwani kwa mtoto, ikabaki hapohapo.

Binti hakushtuka. Hicho ndicho kilichoniogopesha.

Akavuta daftari chini ya godoro, akafungua ukurasa ulioandikwa zamani, wino umeshaanza kupauka. Juu kaandika tarehe. Ile Jumanne.

Nilisoma nimesimama.

"Nilikuja kumwambia baba wameirudisha, anisaidie. Nilipofika mlangoni ilikuwa inapigwa kwenye meza yake. Baba alikuwa anacheka na wateja. Mmoja akasema mtoto wa nani huyu. Baba akasema wa nani sijui, ila wazazi wake wana kazi. Kisha akairudia."

Niliyakumbuka maneno yangu. Walicheka sana siku ile.

Alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yangu, na hotipoti mkononi.

Kesho yake nilirudi shule nikamwambia mwalimu ni mimi. Nikazunguka kutafuta wateja wangu mmoja mmoja, nawaomba wafute. Wengine walifuta. Wengine walikuwa wameshahama mtaa, sikuwapata. Wengine walisema wameshawatumia watu, wakifuta wao itasaidia nini. Mmoja aliniambia, "Fundi, umekuwa mlokole? Si ulinipa mwenyewe."

Somo langu ni fupi. Kichekesho cha mtu kikikufikia, kiishie kwako. Usiseme humjui. Yupo mtu anayemjua, na huenda ni wewe. Na mtoto wako akikwambia ana jambo, acha viatu.

Lile kopo nimelimwaga mezani nikahesabu.

Spika tisini na moja.

Simu nilizofanikiwa kufuta, thelathini na nane.

Mihula aliyokosa shule, miwili. Kilo alizopungua, tisa.

Miezi, saba.

Maneno aliyotamka tangu siku ile, hakuna. La mwisho nililolisikia kwake ni "jambo", na sikuinua macho.