Uzi: Vile experiment ya mtoto karibu inipeleke ndani kwa kesi ya chang'aa

Wakuu wote humu, hamjambo? Wazee kwa vijana, hata nyinyi wa kusoma tu mkitoroka bila kusema kitu, nawasalimu.

Mimi ni nyanya ya watu. Shule niliacha class two, kwa hivyo naongea na simu, yenyewe inaandika. Ikiharibu neno, gombaneni na simu.

Hii story ni ya ukweli. Ilinipata mimi na sufuria yangu.

Nimezaliwa Suna, huko Migori, nikaolewa Homa Bay. Ndio maana huku wananiita Nyar Suna, yaani msichana wa Suna. Hata sasa na hizi mvi zangu mimi bado ni msichana wa Suna!

Ilikuwa miaka ya tisini, ile wakati magugu ilifunika ziwa mpaka ukadhani unaweza kutembea juu. Maji ya kuchota ilikuwa inanuka, rangi kama chai ya jana.

Nilikuwa nauza samaki ya kukaanga. Bwana yangu alikuwa anakata miwa Awendo, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi.

Sasa samaki ya mafuta lazima uifunge na karatasi. Kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu mwenye duka pale town, mtu wa Pwani, mpole sana. Alikuwa anauza magazeti na vitabu vizee kwa kilo. Akikupimia anasema, "Chukua mama, karatasi safi hizi, samaki wako watapendeza." Kiswahili yake tamu mpaka unanunua na hujapanga.

Siku moja niko kwa meza, nararua kitabu, nafunga samaki, nararua, nafunga. Msichana wangu Awuor, alikuwa standard six, akatoka shule akaona. Yawa! Alipiga nduru mpaka mteja akaangusha ugali.

"Mama, hiyo ni kitabu ya watoto ya science! Iko na experiments!"

Nikamwambia, "Nyathina, mtoto wangu, hiyo ni karatasi ya samaki."

Akainyakua. Kurasa za mbele zilikuwa zimeenda na wateja. Kuna mtu Homa Bay hii alikula samaki imefungwa na vile sumaku inafanya kazi, na hajui mpaka leo.

Basi nikamwachia. Mtoto alilala amekumbatia hiyo kitabu kama mama na mtoto mchanga. Ilikuwa ya Kizungu, yeye ananisomea na Dholuo, lugha yetu, jioni nikitoa magamba.

Nisiwadanganye wakuu, nilikuwa nangoja hiyo jioni kuliko yeye.

Sasa akafika kwa ukurasa ya kusafisha maji. Unachukua maji chafu, unatia chumvi, unachemsha, mvuke inapanda, inapoa, inakuwa maji safi. Kwa picha kulikuwa na chupa za glasi na mrija umepinda kama shingo ya korongo.

Awuor karibu alie. "Mama, sisi hatuna hii mrija."

Mimi nikaangalia picha vizuri. Nikacheka! "Wewe, hii kitu mimi naijua. Nyanya yangu alikuwa anapika hivi kila wiki."

Mnaona mahali tunaelekea, eh?

Jumamosi tukaenda nyuma ya nyumba, karibu na mto mdogo, kwa sababu hapo ndio maji ya baridi iko. Nikaweka sufuria yangu kubwa ya samaki kwa moto, maji ya ziwa ndani, Awuor akatia chumvi ngumi nzima. Katikati tukaweka jiwe, juu ya jiwe sufuria ndogo. Halafu karai ya maji baridi ikafunika yote, na pembeni nikaziba na matope na jivu mvuke isitoroke.

Kazi safi. Nyanya angeniona angefurahi.

Jirani yangu Nyar Kasipul akapitia hapo kuomba kiberiti. Huyo tulikuwa naye kwa kikundi ya akina mama kanisani. Akasimama. Akaangalia moto, karai, matope, mto.

"Nyar Suna. Hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

"Na Jumapili wewe ndio ulishika maombi!"

"Dada, ni experiment."

"Eeh. Siku hizi inaitwa experiment."

Akaenda bila kiberiti.

Moto haijaisha, tukaona assistant chief anashuka na askari wake, nyuma yao watu kama wa harusi. Na Nyar Kasipul mbele anaonyesha njia.

Hizo siku ukishikwa na chang'aa, hiyo pombe kali ya kupikwa kwa siri, ni cell kwanza, maswali baadaye. Na vyombo vyote vinachomwa.

Askari akainua mguu apige sufuria teke. Awuor akaruka mbele.

"Jaduong', mzee wangu, tafadhali! Bado haijaisha!"

Mtu akasema, "Anasema bado haijaiva!" Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Assistant akaona kitabu kwa mkono ya mtoto. Akaichukua, akafungua hapo penye alama. Moto, chombo, mrija, matone.

"Haki ya Mungu. Wamechapa mpaka kitabu ya kufundisha watoto kupika!" Akaifunga. "Hii ni evidence. Itachomwa na hizi sufuria. Na wewe mama, vaa viatu."

Wakuu, mimi nilitafuta viatu. Lakini Awuor hakuangalia mimi wala viatu. Macho ilikuwa kwa kitabu tu.

Akasema polepole, "Jaduong', onja kwanza. Ikiwa pombe, choma."

Watu wakasogea karibu.

Assistant alikuwa ameokoka, hawezi kuonja mbele ya watu. Akamwambia askari, "Onja wewe."

Sasa huyo askari, kila mtu alijua jioni anapitia wapi. Tukatoa sufuria ndogo, nikampea kikombe. Akafunga macho. Akakunja uso kabisa, tayari. Akameza.

Akafungua jicho moja.

"Ni maji."

"Maji gani?"

"Maji tu, jaduong'." Akasema na huzuni kama amefiwa.

"Onja tena!"

Akaonja. "Bado ni maji."

Assistant akanyang'anya kikombe, akaonja mwenyewe. Akaangalia ndani. Awuor akachota ile ya sufuria kubwa, akampatia. Akaweka kwa mdomo, akatema mbali. Chumvi!

"Sasa hii chumvi ilibaki vipi na maji ikapanda?"

Alikuwa ameuliza kama mtoto, nawaambia. Awuor akamweleza, maji ikipata moto inakuwa mvuke inapanda, chumvi haiwezi kufuata, uchafu pia unabaki. Mzee akaketi kwa jiwe na kofia yake ya serikali. Akageuza ukurasa. Akageuza ingine. Akakaa hapo mpaka mimi nikashindwa, nivue viatu ama nibaki navyo?

Mwishowe akasimama, akarudishia Awuor kitabu na mikono mbili.

"Kitabu ni yako. Lakini kutoka leo, hii masomo fanyia mbele ya nyumba, kando ya barabara. Mtu asifikirie vibaya."

Na hiyo ndio ilileta balaa tamu. Mbele ya nyumba kila Jumamosi watoto wa kijiji wakajaa. Yai ya kuelea, puto ya kujaa hewa yenyewe, mshumaa ya kunyonya maji. Nyar Kasipul alikuja kuchukua watoto wake waende nyumbani. Akabaki amesimama. Halafu akaniuliza chini chini, "Dada, Jumamosi ijayo mtafanya hiyo ya yai tena? Leo nilichelewa."

Nikamsogezea stuli.

Awuor leo ni mama, anakaa upande wa kwetu Migori. Kwa jiko yake hakuna sufuria haijaungua, na watoto wake ndio wanachoma. Hajawahi kuwafukuza.

Funzo langu ni hii: ukikuta mtoto anachemsha kitu huelewi, shika kikombe kabla ya kuinua mguu.

Haya, nimechoka kuongea na simu. Nyinyi mliharibu nini ya mama zenu mkitafuta science? Semeni ukweli, mama zenu hawako humu. Labda.