Mimba ambayo mama yangu hakutaka ihesabiwe

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe, na mke wangu ameyasoma kabla sijaweka hapa.

Hadija, mke wangu, ana damu Rh negative. Mimi ni positive.

Miaka ya vita tulikuwa na duka Jinja, Uganda. Barabara zilipofungwa nilikwama Malaba, upande wa Kenya, nikifuata mzigo. Hadija na mama yangu wakakimbilia Mbale kwa lori.

Njiani mimba ya Hadija ya miezi minne ikatoka.

Sikuambiwa; hata kwamba alikuwa nayo sikujua. Kwetu mimba iliyotoka haitajwi, eti ukiitaja unaita nyingine.

Vita vikaisha, tukaanza upya Nabuyonga, hapohapo Mbale. Hadija akashika mimba. Kliniki, mkunga akaona ile Rh negative kwenye kadi, akauliza ni mimba ya ngapi.

Mama akawahi kujibu: "Hii ya kwanza, sista."

Mbele ya mama mkwe, Hadija angesema nini?

Mkunga akatulia. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hana shida. Ila akirithi positive ya baba, damu yake ikiingia kwa mama, mwili wa mama hujifunza kuishambulia, na anayefuata ndiye anaumia.

Kumbe wetu ndiye aliyefuata.

Binti yetu alizaliwa asubuhi, jioni macho ya njano. Mama akasema tumwoteshe jua. Siku ya tatu tukamzika.

Daktari alimuuliza Hadija upya, naye akasema yote nikiwa nimesimama pale. Nilimchukia mama, sitaficha. Miezi mingi sikugusa chakula chake.

Daktari akatueleza kuhusu sindano ya anti-D. Huzuia mwili wa mama kujifunza hivyo, ikitolewa ndani ya saa sabini na mbili baada ya kuzaa au mimba kutoka. Kwa Hadija tulishachelewa, mwili wake ulishajifunza.

Mimba iliyofuata, mama akaomba kumsindikiza. Nikakataa. Hadija akasema aje.

Mkunga akauliza swali lilelile.

"Ya tatu," mama akasema. "Ya kwanza ilitoka kwa njia, wakati ya vita. Mimi ndio nilizika. Andika yote, sista."

Ikaandikwa. Wakampima Hadija mara kwa mara, na kaka yake mwenye damu kama yake akakaa tayari kutoa. Mtoto alizaliwa wa njano, akabadilishwa damu siku ileile. Leo ni baba wa watu.

Dada zetu, jueni kundi lenu la damu, na mimba ikitoka msiifiche, kimbilieni hospitali. Yaliyowakuta nanyi yawekeni hapa chini, tusomane.

Mama ameshatangulia. Hadi mwisho, akiulizwa nina watoto wangapi, alijibu watatu.