Wali wa Veronika

Tangu Jumapili ile sithubutu kuinua uso kanisani. Wabelgiji walikuwa bado wanatutawala, nami nilikuwa katekista wa misheni hapa Kindu. Kila Jumamosi Veronika, niliyekuwa nikimfundisha dini, aliniletea wali na samaki wa mto Lualaba, akapiga goti, akaondoka kimya. Nikajiambia, msichana hampikii mwanamume bure. Kumuuliza niliona haya, mwalimu mzima. Nikampelekea padri majina yetu. Hakuhoji, maana kumletea majina ya wachumba ilikuwa kazi yangu.

Jumapili nilikaa mbele na shati lililopigwa pasi. Padri akatangaza kwamba mimi na Veronika tunataka kuoana, kisha akauliza, kama desturi, nani anajua kizuizi.

Veronika akasimama.

"Mompere, kizuizi njo mimi," alimwambia padri taratibu. "Ule wali njo wa bamama wote wa mtaa. Wanapikaka kwa zamu, sababu mwalimu hana bibi. Mie nabebaka tu."

Bamama wenyewe walikuwa benchi ya pili. Hakuna aliyecheka. Walinitazama kwa huruma, kama mtu wa kupikiwa.